Mjamzito asivumilie jino hadi ajifungue

Mama mwenye mimba ya miezi mitano anapoumwa jino, aghalabu huambiwa na walio karibu naye: “Vumilia, utaling’oa ukishajifungua.” Shauri hilo hutolewa kwa mapenzi, lakini laweza kumletea madhara.

Wengi huamini kwamba mtoto aliye tumboni hunyonya madini ya meno ya mama yake. Sivyo. Madini ya kalsiamu anayohitaji mtoto hutokana na chakula cha mama na, kikipungua, mifupa yake; meno hayaguswi. Linalotokea ni kwamba homoni za mimba huzifanya fizi zidhurike upesi kwa ukoga, zikavimba na kutoka damu. Aidha, kutapika huleta kinywani tindikali ya tumbo, ambayo hulainisha meno. Kwa hiyo, mama akishatapika asukutue kwa maji, asubiri angalau nusu saa, ndipo apige mswaki.

Jino lililooza haliponi kwa kuvumiliwa. Usaha ukijikusanya, shavu huvimba, homa hupanda, na mama hushindwa kula wala kulala. Hapo baadhi hukimbilia duka la dawa na kununua vidonge bila ya kutaja mimba. Tetrasaiklini huweza kutia madoa ya kudumu katika meno ya mtoto. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hazifai, hususan kuanzia mwezi wa tano, kwani zaweza kudhuru figo za mtoto. Anayesubiri kumwona daktari, parasetamo kwa kipimo sahihi ndiyo humfaa zaidi.

Daktari wa meno anaweza kuziba au kung’oa jino la mjamzito kwa sindano ya ganzi. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati ulio mwepesi zaidi kwa mama, lakini uvimbe na maumivu makali havingoji mwezi. La muhimu ni amweleze daktari umri wa mimba na dawa zote anazotumia.

Mtume (s.a.w.) alihimiza mno kupiga mswaki. Mjamzito asiuache kwa kuogopa damu ya fizi; atumie mswaki laini na dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Nanyi akina baba, mnapotenga nauli ya kliniki, tengeni na ya daktari wa meno. Kumtaka mkeo avumilie jino si kumhurumia.

Allah awape mama zetu afya na uzazi mwema. Amin.