Kuanzia Chuo Kidogo Si Aibu



Sote tumewahi kumwona mtoto aliyehama chuo cha Kurani. Alikuwa kwa maalim mwingine, juzuu ya Amma ameihifadhi na Tabaraka ameianza, kisha wazazi wake wakahamia mtaa wetu. Maalim mwenye busara humkalisha mbele yake akamwambia, "Hebu nisomee." Humsikiliza, halafu humpanga pale alipofika. Lakini wako wengine wasiosikiliza. Wao husema, "Hapa kwetu kila mtu huanza na alifu." Basi mtoto hurudi nyuma miaka miwili, si kwa sababu hajui, bali kwa sababu hakuna aliyemuuliza anajua nini.

Nimelikumbuka jambo hili kwa ajili ya mpwa wangu aliyeko Marekani, katika jimbo la Ohio. Alisoma miaka miwili katika chuo cha jamii, akapata krediti 63, kisha akaomba kuhamia chuo kikuu asomee uhandisi. Barua ya kukubaliwa ikaja, nyumbani tukashukuru. Wiki chache baadaye akaitwa ofisini akaambiwa kwamba katika zile krediti 63, zitakazohesabiwa kwenye fani yake ni 42 tu. Zilizobaki 21 ni sawa na masomo saba, yaani zaidi ya muhula mzima wa kusoma na kulipa. Alinipigia simu usiku: "Mjomba, sikufeli hata somo moja. Mbona nimerudishwa nyuma?"

Habari zilipofika huku, baadhi ya jamaa walisema, "Si tulimwambia? Vile vyuo vya miaka miwili ni vya walioshindwa." Maneno haya nimeyasikia pia kwa baadhi yenu mnaopanga kwenda kusoma ng'ambo, au wenye ndugu huko. Leo nataka kuyapinga. Rai yangu ni kwamba kuanzia chuo kidogo si aibu wala si kosa. Hasara iko pale pa kuvukia, na pale ndipo mwanafunzi na chuo kikuu wanapotakiwa kuwajibika.

Kwanza tufahamu vyuo hivi ni nini. Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili, na vingi vyao ni vya umma, kilichowekwa kwa ajili ya watu wa eneo lake. Humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Darasani utamkuta kijana wa miaka 18, mama wa watoto watatu, dereva wa teksi anayesoma jioni na mkimbizi aliyemaliza juzi kujifunza Kiingereza. Wengine husomea uuguzi au ufundi wakaingia kazini. Wengine husoma miaka miwili ya mwanzo ya shahada, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia miwili iliyobaki.

Hilo linawezekana kwa sababu ya mpangilio wa masomo yao. Shahada ya kwanza kwa kawaida huwa na krediti 120 hivi, na somo moja la muhula mara nyingi huwa na krediti 3. Sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo huwa ni masomo ya jumla, kama uandishi, hesabu, sayansi na historia. Baada ya hapo ndipo mtu huzama katika fani yake. Anayeanzia chuo cha jamii husoma sehemu ile ile ya mwanzo, ila mahali pengine na kwa bei nyingine.

Wala uhamisho huu si hisani iliyobuniwa jana. Chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois, ambacho hutajwa kuwa cha kwanza cha umma cha aina hii, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6. Waasisi wake walikuwa wawili: J. Stanley Brown, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari ya mji ule, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Shabaha yao ilikuwa kijana asome miaka miwili ya chuo kikuu akiwa kwao, kisha apokelewe mbele. Tazameni basi! Mmoja wa waliokianzisha chuo kidogo alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Vipi leo chuo kikuu kimwone anayetoka huko kama mgeni asiyealikwa?

Mwaka 1960 jimbo la California liliandika mpango wake mkuu wa elimu ya juu. Vyuo vikuu vya daraja la kwanza viliwekewa kuchukua sehemu moja kati ya nane ya wahitimu bora wa sekondari, vyuo vya daraja la pili theluthi ya juu, na vyuo vya miaka miwili vikawa wazi kwa kila anayeweza kufaidika navyo. Kisha ikapangwa njia ya kutoka huko chini kwenda juu. Bila ya njia hiyo, mpango wote ungekuwa ni kuwagawa watoto mafungu matatu wakiwa na miaka 17 na kuwafungia mlango.

Na wako waliopita njia hiyo wakafika mbali. Eileen Collins alianzia chuo cha jamii cha Corning katika jimbo la New York, akamaliza mwaka 1976, akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse na kuhitimu mwaka 1978. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha Marekani kama kamanda. Mabinti zangu mnaosoma ukurasa huu, kumbukeni kwamba hakuna aliyemuuliza huko juu alianzia chuo gani.

Lipo pia suala la fedha, na hili kwetu sisi lina uzito wa pekee. Katika mwaka wa masomo 2024/25, wastani wa ada ya chuo cha jamii cha umma kwa mkazi wa eneo lake ulikuwa takriban dola 4,000. Chuo kikuu cha umma cha jimbo, kwa mkazi wa jimbo hilo hilo, wastani ulizidi dola 11,000. Kwa miaka miwili tofauti ni dola elfu 14 au zaidi. Familia nyingi za Marekani hulipa pengo kama hilo kwa mkopo, na mikopo ya wanafunzi ya serikali ya huko ina riba. Kijana Mwislamu anayetaka kuepuka riba, na ambaye babake si tajiri, afanye nini? Kila dola asiyoihitaji ni dola ambayo hataikopa. Ndiyo maana nasema kwamba wanaokidharau chuo kidogo kwa jina lake wanamshauri kijana anunue heshima kwa deni.

Hata hivyo nisiwafiche upande wa pili. Taarifa za utafiti za mwaka 2024 zinaonyesha hivi: katika kila wanafunzi 100 wanaoanza vyuo vya jamii, kama 80 huwa na nia ya kupata shahada ya kwanza. Wanaohama kweli ni theluthi moja hivi ya wanaoanza. Wanaoimaliza shahada ndani ya miaka sita ni 16 hivi. Wapinzani wangu huzishika tarakimu hizi wakasema, "Umeona? Huko hakutoki mtu."

Mimi nazisoma vingine. Wengi wa wanafunzi hao wanafanya kazi, wana watoto, wanasoma masomo mawili kwa muhula badala ya matano. Lakini pia wako wengi waliofaulu ambao kazi yao ilitupwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009, kutoka vyuo vya kila aina. Ilikadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Kwa waliotoka chuo cha umma cha miaka miwili kwenda chuo kikuu cha umma hasara ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilikuwapo. Mtu akibeba mizigo kumi akafika na sita, hatusemi tu kwamba yeye ni dhaifu. Tunauliza pia njiani kuna nini.

Njiani kuna jambo ambalo mpwa wangu hakuambiwa: kupokelewa kwa somo ni kitu kimoja, na kuhesabiwa kwenye fani ni kitu kingine. Chuo kikuu kinaweza kusema, "Somo lako tumelipokea," kikaliweka katika fungu la masomo ya hiari, huku fani ikidai somo jingine kabisa. Yeye alisoma hesabu ya watu wa biashara, na uhandisi unataka kalkulasi. Alisoma fizikia isiyo ya wahandisi. Krediti zipo kwenye karatasi, ila hazimsogezi kwenye shahada. Na mara nyingi hesabu hiyo hufanywa baada ya mwanafunzi kukubaliwa, wakati ameshakataa vyuo vingine na ameshalipa chumba.

Hapo lawama yangu kubwa ni kwa vyuo vikuu. Kama somo ni lile lile, kitabu ni kile kile na mwanafunzi amefaulu, kumrudisha ni dhulma ya muda na mali yake. Tena dawa inajulikana. Jimbo la Florida lina mfumo mmoja wa namba za masomo kwa vyuo vyake vya umma, hivyo somo lenye namba moja hutambulikana kote. California ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoanzisha shahada ya miaka miwili ya uhamisho: anayeipata huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya CSU, akiingia kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jimbo hilo pia lina ASSIST, orodha iliyoko kwenye intaneti, ambamo mwanafunzi huona kabla ya kujiandikisha ni somo gani litahesabiwa wapi. Waliotaka wameweza. Wasioweza bado hawajataka.

Lakini ndugu zangu, haki yako isikuzuie kujilinda. Yeyote kati yenu atakayepita njia hii, au atakayemshauri ndugu yake, ayashike mambo manne.

Kwanza, chagua mwisho kabla ya mwanzo. Kabla ya kujiandikisha katika chuo kidogo, jua unataka fani gani na vyuo vikuu gani viwili au vitatu, na uulize masomo yanayotakiwa huko. Mshauri wa masomo wa chuo kidogo ni wa kuulizwa, na wa chuo kikuu naye aulizwe, hata kama hujawa mwanafunzi wake. Kuuliza si ujinga.

Pili, jibu lolote lipate kwa maandishi, na utunze muhtasari wa kila somo ulilosoma, pamoja na majina ya vitabu na kazi ulizofanya. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Masomo nayo ni mali.

Tatu, hakikisha chuo chenyewe kina ithibati inayotambuliwa. Bila hiyo hakuna krediti itakayokwenda popote.

Nne, kwa anayetoka huku na viza ya mwanafunzi: ada yake huwa kubwa kuliko ya mkazi, na misaada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi haimhusu. Kwa kawaida anatakiwa asome krediti zisizopungua 12 kila muhula, na anapohama lazima chuo cha zamani kihamishe kumbukumbu zake za uhamiaji, kisha chuo kipya kimpe fomu mpya ya I-20. Anayeacha hilo hadi wiki ya mwisho hupoteza zaidi ya krediti, maana anaweza kupoteza ruhusa yenyewe ya kukaa nchini.

Mpwa wangu nilimwambia arudi ofisini na mihtasari yake. Bahati nzuri alikuwa ameihifadhi. Alikaa na profesa mmoja aliyekubali kuisoma ukurasa kwa ukurasa, na masomo mawili yakahesabiwa upya. Matano hayakurudi, na mwaka huu anayalipia mengine kwa kazi ya usiku ghalani. Hajakata tamaa. Lakini nikimsikia sauti yake ya uchovu najua kwamba uchovu ule haukuwa lazima.

Baadhi yenu mtakuwa waalimu, na siku moja atakuja mtoto kutoka chuo kingine akiwa na msahafu wake mkononi. Msimwanzishe na alifu kabla hamjamsikiliza.

Wabillahi tawfiq.