Mgeni wa Wiki Mbili

Wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii sote tunaijua. Lakini tukipata mgeni kutoka nchi za mbali, methali hii tunaisahau. Tunampa kiti. Tunamchinjia kuku. Tunakubali kila anachosema. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili.

Kila mwaka vikundi vya vijana wa makanisa ya Ulaya na Marekani huja Tanzania. Hukaa vijijini wiki 2 au 3. Husali nasi na kuimba nasi. Pia hufanya kazi ya kujitolea, kama vile kupaka rangi darasa au kujenga ukuta. Kisha hurudi kwao. Wengi huja mwezi wa 6, wa 7 au wa 8, kwa sababu wakati huo shule za kwao zimefungwa.

Wako watu wanaosema vijana hao wasije tena. Wako wanaosema waje na wafanye wapendavyo, maana wametoka mbali. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Nasema waje. Lakini kazi tuipange sisi wenyeji, na ukweli tuwaambie.

Niliyoyaona mwenyewe

Mwaka mmoja niliitwa kuwa mkalimani wa kikundi kama hicho. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Hanang, si mbali na Jorodom. Vijana walikuwa na heshima na walipenda kazi. Walitaka kujenga ukuta wa chumba cha darasa.

Wengi wao hawakuwahi kushika mwiko wa kujengea. Hawakujua kutumia timazi wala pima maji. Kijijini palikuwa na fundi mwashi, mzee mwenye ujuzi wa miaka mingi. Yeye aliambiwa akae kando awaelekeze. Malipo hakuahidiwa, kwa kuwa kazi ilisemekana ni ya kujitolea.

Siku ya pili mzee yule aliniita. Akasema, "Mwalimu, waulize wageni. Wao wakiifanya kazi yangu bure, mimi watoto wangu nitawalisha nini?"

Vijana waliuliza, "Mzee anasema nini?"

Niliona haya. Nikajibu, "Anasema karibuni sana."

Vijana walifurahi. Wakampigia makofi. Mzee aliniangalia, kisha akarudi kwenye tofali zake.

Wageni walipoondoka, ukuta ulikuwa umepinda. Mzee na wenzake wawili walibomoa kozi 3 za juu, wakazijenga upya. Saruji ilipotea. Nguvu ilipotea. Na zile siku zote za kazi hazikumwingizia mzee yule hata shilingi moja.

Kosa hilo halikuwa la vijana. Wao hawakujua. Lilikuwa kosa letu sisi tuliojua tukanyamaza. La kwangu lilikuwa kubwa zaidi, maana mimi nilipewa kazi ya kusema.

Tupige hesabu

Nauli ya ndege ya mtu mmoja kutoka Ulaya au Marekani, kuja na kurudi, mara nyingi huzidi shilingi milioni 2. Tuseme kikundi kina vijana 12. Zidisha 12 kwa milioni 2. Utapata milioni 24. Hapo hujahesabu chakula, viza wala gari.

Kwa fedha hiyo mafundi wetu wangejenga kuta nyingi, tena zilizonyooka. Basi, kama jambo linalotakiwa ni ukuta tu, safari haina maana. Afadhali fedha ije peke yake.

Lakini fedha haisalimii mtu. Fedha haiketi jikoni na mama wa nyumba ikaona moshi unavyomwumiza macho. Haijui jina la mtoto wako. Safari ya kijana ina thamani ikiwa inaleta kitu ambacho fedha haiwezi kuleta. Kitu hicho ni kujuana.

Mifano ya kujifunza

Tutazame jirani zetu wa wilaya ya Mbulu. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway. Waganga na wauguzi wageni walikaa pale miaka mingi. Leo hospitali hiyo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa wiki mbili. Inamtaka mtu anayekaa, na inataka wenyeji wafundishwe waiendeshe wenyewe. Mgeni wa wiki mbili asipewe kazi ya daktari wala ya fundi, ikiwa ujuzi huo hana.

Basi mgeni wa muda mfupi afanye nini? Tutazame Iringa. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ina uhusiano na makanisa ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul, Marekani. Uhusiano huo huitwa Bega kwa Bega. Usharika wa huku una rafiki yake usharika wa kule. Wageni huja, lakini uhusiano hauishi wanapopanda ndege. Huombeana, huandikiana, hutembeleana tena. Safari ikiwa ni sehemu ya urafiki wa miaka mingi, wiki mbili si chache.

Tena tusidhani kuwa safari za injili ni za Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1930, wakati wa Uamsho wa Afrika Mashariki, Waafrika walitoka Gahini, Rwanda, wakaenda Uganda na nchi nyingine za jirani. Hawakwenda kujenga majengo. Walikwenda kutoa ushuhuda.

Na siku hizi vijana wetu nao huenda Ulaya. Kuna shirika la misheni liitwalo UEM, lenye makao yake Wuppertal, Ujerumani. Tangu mwaka 1996 makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ni wanachama wake pamoja. Vijana kutoka Afrika huenda Ujerumani kwa mpango huo, wakafanya kazi ya kujitolea. Kwa hiyo nasi tuna la kutoa. Kijana wetu akifika huko, hapewi kazi asiyoijua. Hufundishwa kwanza. Nasi tufanye hivyo hivyo kwa wageni wetu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuandike barua kabla wageni hawajafika. Wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kuandika barua hiyo. Halmashauri ya kijiji na wazee wa kanisa wakae, waseme tunahitaji nini na hatuhitaji nini. Nakala moja ibaki kijijini.

Pili, fundi wa kijiji awe msimamizi, na alipwe. Vijana wabebe maji, wabebe mchanga, wasogeze tofali. Hiyo nayo ni kazi, na haiwashushii heshima.

Tatu, tuwape jembe. Wanapokuja mwezi wa 7, sisi tuko katika mavuno. Mara ngapi akina mama wameacha mahindi shambani ili wapikie wageni? Wageni na waende shambani pamoja nao. Wavune mahindi, wapure maharage, kisha wapike pamoja. Kijana aliyepura maharage kutwa nzima atajua bei ya debe moja maana yake nini.

Nne, sheria ifuatwe. Mgeni anayekuja kufanya kazi, hata ya kujitolea, anatakiwa awe na kibali cha kazi hiyo. Viza ya matembezi haitoshi. Viongozi waulize mapema katika ofisi ya uhamiaji.

Tano, mkalimani aseme yote. Asiongeze, asipunguze.

Ndugu msomaji, baadaye nilikwenda nyumbani kwa yule fundi. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Maneno yako sikuyafikisha." Alinyamaza kidogo. Akaniuliza, "Ulidhani wangekasirika?" Nikajibu, "Ndiyo, mzee. Nilidhani wangekasirika."

Akasema, "Labda wangekasirika. Labda wangenilipa. Sasa hatutajua. Wamekwenda kwao, wanadhani mimi nilifurahi."

Vijana wale walisafiri mbali ili watujue. Mimi ndiye niliyewazuia wasimjue mzee yule. Mgeni akija tena, tumpe chakula na maji ya kunawa. Tumpe jembe. Na kweli yetu tumpe pia, kwa lugha ya heshima.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini fundi alilalamika? Je, alikuwa na haki?
2. Kama wewe ungekuwa mkalimani, ungesema nini?
3. Ni kazi gani katika kijiji chetu mgeni wa wiki mbili anaweza kuifanya pamoja nasi?
4. Andika barua fupi kwa kikundi cha vijana wanaotaka kututembelea. Waeleze mambo mawili tunayoyahitaji, na jambo moja tusilolihitaji.