Spika juu ya pikapu kuukuu: Biashara au hasara?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKAZI wa Morogoro mjini anaifahamu sauti hiyo. Pikapu ya zamani inapita taratibu karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, juu ya keria yake vimefungwa vipaza sauti viwili vya umbo la tarumbeta, na mtangazaji anataja bei ya mbegu, siku ya mnada au dawa mpya ya mifugo. Pikapu kama hiyo unaweza kuikuta pia Mkuyuni, Matombo na Kinole, au ikipandisha kuelekea Mgeta siku ya gulio.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu yake ya miaka ya 1980 au 1990, wazo la kufunga spika huja lenyewe. Gari lipo, mazao hayasafiri kila siku, na matangazo yanaonekana kuwa fedha ya haraka. Wengine wanataka tu kuuzia bidhaa zao wenyewe. Lakini kabla ya kumkabidhi fundi gari, kuna mambo matatu ya kupima: uwezo wa umeme wa gari hilo, sheria za kelele, na hesabu ya kurudisha mtaji. Anayekosea katika moja ya hayo anaweza kupoteza spika, na hata gari lenyewe.

Kwa nini bado inahitajika

Katika zama hizi za simu za mkononi, mtu anaweza kuuliza kama gari la matangazo lina maana yoyote. Jibu linatokana na jiografia. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinazidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, imekatwakatwa na mabonde marefu. Mawimbi ya redio za FM husafiri kwa kunyooka, hivyo kijiji kilicho nyuma ya ukingo wa mlima kinaweza kukosa redio ambayo mjini inasikika vizuri.

Aidha, tangazo la redio hulipiwa ili lisikike mkoa mzima, wakati mwenye miche ya kabichi au vifaranga anahitaji wanunuzi wa kata moja tu. Ujumbe wa simu nao unahitaji kwanza uwe na namba za watu. Gari la matangazo humfikia aliyepo shambani, asiye na chaji na asiyesoma.

Hata hivyo, pikapu ina mshindani mpya. Machinga wengi siku hizi wanabeba spika ndogo za mkononi zenye betri ya kuchaji na sauti iliyorekodiwa. Kwa mtaa mmoja au kwenye meza ya gulio, spika hiyo inatosha kabisa. Kwa hiyo pikapu ina faida pale tu inapotakiwa kupita vijiji kadhaa kwa siku moja, au kuita watu walio mbali.

Umeme wa gari la zamani ni mdogo

Kosa la kwanza linalofanyika ni kudhani kwamba umeme wa gari hauna mwisho. Alteneta za pikapu nyingi za zamani hutoa ampea 40 hadi 60 injini ikiwa na mzunguko mzuri. Injini ikiwa kwenye sailensa, kiasi hicho hushuka sana. Taa kubwa mbili za wati 60 peke yake hula ampea 10. Ongeza waipa na feni, na kilichobaki kwa ajili ya spika si kingi.

Amplifaya ya wati 100 inaweza kuvuta ampea 15 hivi sauti inapokuwa juu. Kwa maneno ya kawaida, yenye vituo, wastani huwa mdogo zaidi, tuseme ampea 6. Betri ya N70 ina uwezo wa takriban ampea 70 kwa saa, lakini betri ya gari haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Hivyo ikiwa mpya kabisa inaweza kutangaza saa tano au sita injini ikiwa imezimwa. Ikiwa imechoka, saa mbili zinaweza kuwa nyingi.

Tatizo ni kwamba injini ya dizeli inahitaji nguvu kubwa sana kuwaka, hasa asubuhi yenye baridi kama ya Nyandira. Mtangazaji aliyemaliza betri gulioni atalazimika kuomba watu wamsukume, na kwenye barabara ya mlimani kusukuma gari si jambo la mzaha.

Njia mbili zinasaidia. Ya kwanza ni kufunga betri ya pili kwa ajili ya spika tu, ikiunganishwa na ile ya gari kupitia relei inayokata injini inapozimwa. Ya pili ni paneli ya sola juu ya keria. Paneli ya wati 100 kwenye jua kali hutoa ampea tano au zaidi kidogo, kiasi kinachokaribia matumizi ya wastani ya matangazo. Zote mbili ni nafuu kuliko kuiacha injini ikinguruma gulioni kutwa nzima.

Jambo jingine la kuangalia ni aina ya umeme wa gari. Baadhi ya Land Cruiser za zamani na malori madogo ya dizeli hutumia volti 24. Amplifaya ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja humo itaungua. Wapo mafundi wanaochukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Kifaa kitafanya kazi, lakini betri moja itadhoofika na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zitakufa. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12. Nazo Land Rover za zamani kabisa, za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ziliunganisha upande wa chanya kwenye bodi, tofauti na magari ya leo. Fundi apime kwanza kabla ya kufunga chochote.

Moto huanzia kwenye waya

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Ili kupunguza gharama, watu hutumia waya wa nyumbani wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa, kutoka kwenye betri hadi kwenye amplifaya. Chukua umbali wa mita tano kwenda na tano kurudi. Amplifaya inapovuta ampea 15, waya huo unapoteza karibu volti 1.8 njiani. Betri yenye volti 12.6 inafikisha chini ya volti 11, sauti inakwaruza, na umeme uliopotea unageuka joto ndani ya waya. Waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali huo hupoteza chini ya nusu volti.

Mwenye gari anaposikia sauti inakwaruza hudhani amplifaya ni ndogo, anaenda kununua kubwa zaidi. Kubwa inavuta umeme zaidi kupitia waya ule ule mwembamba. Ndivyo mtu anavyotumia fedha nyingi kutengeneza tatizo kubwa kuliko la mwanzo.

Yafuatayo hayana mjadala. Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi nusu mita kutoka kwenye nguzo ya chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Ukubwa wa fyuzi ufuate uwezo wa waya. Fyuzi ikikatika mara kwa mara tafuta sababu, usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara. Waya unapopita kwenye tundu la bati uvikwe raba, maana mitikisiko ya barabara ya makorongo huukata taratibu. Viungo vibanwe au vilehemiwe kwa risasi, visisokotwe na kufungwa nailoni. Waya wa hasi ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi na kutu.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale hasara inapotokea. Magari mengi ya zamani yana bima ndogo tu, ile ya kumlinda mtu wa tatu. Bima hiyo haimlipi mwenye gari pikapu yake ikiteketea kwa hitilafu ya umeme. Familia iliyokuwa ikitegemea gari hilo kushusha ndizi na karoti itabaki na bati lililoungua.

Wati nyingi si sauti kubwa

Madukani kuna amplifaya zilizoandikwa wati 1,000 au 2,000. Msomaji asidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Angalia fyuzi iliyo nyuma ya kifaa. Kama ni ya ampea 15, kwenye volti 12 kifaa hicho hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 180 kwa muda, hivyo hakiwezi kutoa wati 1,000 kwa miujiza yoyote.

Pia wati zikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, inahitajika nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo fedha iende kwenye aina ya spika. Spika ya kawaida ya mlangoni mwa gari hutoa takriban desibeli 90 kwa wati moja ikipimwa mita moja. Kipaza sauti cha tarumbeta, kama vile vya misikitini, hutoa desibeli 105 au zaidi. Tofauti hiyo ya 15 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 30. Tarumbeta yenye wati 10 inaweza kushindana na spika ya kawaida yenye wati 300, huku betri ikipumua.

Hasara yake ni kwamba tarumbeta haipigi besi. Mwenye nia ya kutumia gari hilo hilo kwa harusi asilazimishe muziki mzito kupita humo, maana utando wa ndani utapasuka. Pia tarumbeta mbili za om 8 zikiunganishwa sambamba huwa om 4. Nne huwa om 2. Amplifaya nyingi ndogo haziruhusiwi kushuka chini ya om 4. Nyingi zimeungua kwa sababu ya kuongezwa spika bila kufanya hesabu hiyo.

Milimani nako kuna jambo la kujifunza. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukitangaza ukiuelekea mlima ulio mita 170 mbele yako, maneno yanakurudia baada ya sekunde moja na kuvuruga yanayofuata. Simama kwenye ukingo, elekeza tarumbeta kando ya bonde, sema taratibu kwa sentensi fupi, na chagua asubuhi kabla upepo haujaanza.

Sheria nazo zimebana

Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo zinatofautisha mchana na usiku, pamoja na maeneo ya makazi, viwanda na huduma kama hospitali. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Pikapu si baa, lakini aliyelalamikiwa akiwa mbele ya wodi au shule wakati wa mtihani hatakuwa na utetezi.

Ni busara kuomba kibali cha halmashauri na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kata au kijiji. Na anayepiga nyimbo za wasanii kuvutia wateja akumbuke kwamba kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Aulize COSOTA mapema.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, kila mtu aweke bei za kwake. Tuseme mfumo mzima, yaani amplifaya, tarumbeta mbili, betri ya pili, waya na ufundi, umegharimu Sh900,000. Gari likikodishwa kwa Sh40,000 kwa siku, ukatoa Sh15,000 ya mafuta na Sh10,000 ya mtangazaji, inabaki Sh15,000. Mtaji utarudi baada ya siku 60 za kazi. Ukipata kazi siku moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka, bila kuhesabu matairi na matengenezo.

Wapo walioingia katika biashara hii kwa kutazama kampeni. Ni kweli mahitaji hupanda wakati wa uchaguzi, kama ule wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 na Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025. Lakini chaguzi hizo huja kila baada ya miaka mitano. Mtaji unaosubiri kampeni utalala muda mrefu kuliko utakavyofanya kazi. Wateja wa kudumu ni wauza pembejeo, minada, chanjo za mifugo, misiba, na Nanenane kila Agosti.

Kwa mwenye bidhaa zake mwenyewe hesabu ni tofauti. Kama tangazo linamwezesha kumaliza matenga ya nyanya siku hiyo hiyo badala ya kuyaona yakioza, spika zinaweza kujilipa kwa msimu mmoja. Huyo hahitaji mfumo mkubwa. Tarumbeta moja na amplifaya ndogo vinamtosha.

Ushauri wetu ni kuanza na kidogo, na kuweka fedha nyingi mahali pasipoonekana: waya mnene, fyuzi na betri. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Wateja husikia tarumbeta iliyo juu ya keria, lakini usalama wa pikapu unategemea mita chache za waya zilizofichwa chini ya boneti.