Udongo Usioombewa Kibali

Mtu akipanda kutoka Tegeta, jijini Dar es Salaam, kuelekea Salasala, au akiishika njia ya Goba, ataviona vilima ambavyo zamani vilikuwa mashamba ya mikorosho na mihogo, na ambavyo leo vimejaa nyumba za matofali tangu bondeni hata kileleni. Na akitazama kwa makini atagundua kuwa aghalabu ya nyumba hizo hazikusimama juu ya kilima kama Mola alivyokiumba, bali juu ya kilima kilichokatwa. Kabla ya msingi kuchimbwa huja kijiko, kikaukata upande wa juu wa kiwanja na kuusukuma udongo wake upande wa chini, ili upatikane uwanja ulio sawa. Kazi hiyo hutimia kwa siku mbili au tatu. Nyuma husalia ukuta wa udongo mwekundu wenye kimo cha watu wawili, uliosimama wima bila ya jiwe wala nguzo, na mbele husalia tuta la kifusi kilicholegea, limeegemea mpaka wa jirani aliye chini. Masika yakishuka, kifusi hicho ndicho kinachotangulia kuondoka.

Nilipata kusimama katika ua wa jirani wa namna hiyo, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Tope lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, na mama mwenye nyumba alikuwa akilizoa kwa sufuria, akilimwaga katika karai ambalo wanawe walipokezana kulibeba mpaka barabarani. Kwenye mpaka wa juu palikuwa na viroba vya mchanga na matairi mabovu yaliyopangwa kama ukuta, nayo yote yalikuwa yamelala chini. Nyumba iliyomletea msiba huo haikuwa ya mvunja sheria. Ilikuwa na kibali cha ujenzi kilichotolewa na mamlaka inayohusika, chenye sahihi na muhuri, na mchoro wake ulikuwa umepitiwa na kila aliyestahili kuupitia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Faili la kuombea kibali huwa na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, michoro ya msanifu majengo, na ya mhandisi pale jengo linapohitaji. Afisa mipango miji hutazama matumizi ya ardhi na umbali kutoka kwenye mipaka, afisa afya hutazama choo na hewa, na mhandisi hutazama nguzo na zege. Nyumba hukaguliwa tangu msingi hata paa. Walakini ardhi itakayoibeba huchorwa kama meza tupu, mstari mmoja ulionyooka chini ya msingi, wala haulizwi mwombaji atakata kiasi gani, kifusi atakipeleka wapi, na maji yaliyokuwa yakizama katika mizizi ya mikorosho yatapita njia gani maadamu mikorosho haipo tena.

Wala haiwezi kusemwa kuwa sheria imenyamaza. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya ukoloni ya mwaka 1956, inataka idhini kwa kila uendelezaji wa ardhi katika eneo la mipango, na tafsiri yake ya uendelezaji imebeba kazi za uhandisi sawasawa na ujenzi wa majengo. Kukata kilima ni kazi ya uhandisi. Kwa hiyo kijiko kinapoingia kiwanjani kabla ya idhini, sheria imekwisha kuvunjwa ilhali hata tofali moja halijawekwa. Taksiri imo katika mazoea ya kazi, ambayo yamelifanya neno kibali kuwa na maana ya nyumba peke yake.

Madhara ya mazoea hayo hayaishii katika ua wa jirani. Udongo unaoachiliwa vilimani husafiri na mito, ukatua pale mito inapochoka. Mto Msimbazi umejaa mchanga pale Jangwani kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa papo hapo Jangwani kimefunikwa na maji mara kadhaa. Fedha ya umma huchimbua mchanga huo, na fedha ya umma huinua daraja. Aliyeukata udongo kule juu hakudaiwa hata senti. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2016 Goba imo katika Manispaa ya Ubungo, na fukwe za Mbezi na Kunduchi zimo Kinondoni, hivyo mamlaka inayoidhinisha ujenzi kilimani siyo inayozibua mifereji pwani.

Wako wanaopinga kuongeza sharti lolote, na hoja yao ina uzito. Wanasema kuwa kibali tayari huchelewa, na kwamba kila karatasi mpya ni mlango mpya wa rushwa, na kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa bila ya ardhi kupimwa, hivyo mtu mwenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa atakimbilia kujenga usiku. Nakiri kuwa ucheleweshaji umewasukuma wengi nje ya sheria, nami simlaumu mtumishi wa mshahara mdogo aliyechoka kungoja. Lakini insafu haitaki aliye juu apunguziwe usumbufu kwa gharama ya aliye chini, ambaye hakuomba kitu wala hakuulizwa.

Ninachokitaka si kigumu. Kwa kiwanja cha tambarare isiongezwe hata karatasi moja. Kwa kiwanja cha mteremko utakiwe mchoro mmoja wa usawazishaji wa ardhi: kimo cha ardhi ilivyo sasa na itakavyokuwa, mahali pa kifusi, ukuta wa kuzuia udongo, na mishale inayoonyesha maji yatakakotokea. Mpima au fundi sanifu aliyesoma aweza kuuandaa. Ukaguliwe kwanza, kwa muda uliowekwa na kujulikana, na mwombaji apewe jibu kwa maandishi. Jirani wa chini aarifiwe kupitia mwenyekiti wa mtaa, asikilizwe kabla ya muhuri kugongwa. Na mkaguzi afike mara mbili, kijiko kinapoondoka na kabla ya mvua za kwanza, kwani kosa la udongo likionekana mapema hurekebishwa kwa mawe machache.

Madiwani wa Kinondoni na Ubungo wana uwezo wa kuketi pamoja na kulitungia jambo hili sheria ndogo inayofanana, kwa kuwa maji hayaujui mpaka wao. Nawe msomaji uliyenunua kiwanja kilimani, kabla hujamwita mwenye kijiko, teremka kwa miguu mpaka kwa jirani yako wa chini, ubishe hodi, umwulize maji ya masika yaliyopita yalipita wapi.