Anayekwenda Songo Mnara peke yake aelezwe saa za maji

Msafiri wa peke yake anayekwenda kisiwa cha Songo Mnara, pwani ya kusini ya Tanzania, huanza kukosea kabla hajaiona bahari. Basi la Lindi au Mtwara humshusha Nangurukuru, kwenye njia panda, kwa kuwa Kilwa Masoko iko mbali na barabara kuu. Hapo vijana wa bodaboda humuuliza: Kilwa ipi? Iko Kivinje, mji uliotajirika karne ya 19 kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Iko Masoko, yaliko makao ya wilaya na bandari ya kuvukia. Na iko Kisiwani, penye magofu ya usultani. Mgeni aliyeambiwa "shuka Kilwa" bila maelezo zaidi anaweza kufika Kivinje jua likizama, naye chombo chake kinaondoka Masoko alfajiri.

Jina la kisiwa nalo hupoteza watu. Songo Songo, kisiwa cha gesi asilia inayopelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, kiko upande wa kaskazini, mbele ya Kivinje. Songo Mnara iko kusini ya Kilwa Kisiwani. Anayeuliza "boti ya Songo" ameuliza nusu ya swali.

Hayo ya nchi kavu hurekebishika kwa nauli ya bodaboda. Ya baharini ni mazito zaidi. Songo Mnara imezungukwa na mikoko na maji mafupi, na mara nyingi abiria huteremka majini akatembea hadi ufukweni. Maji yakijaa, hatua ni chache. Yakipwa, chombo hubaki mbali na mtu hukokota miguu kwenye tope, viatu mkononi na mkoba kichwani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufika mita 3 hivi. Tena kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo rafiki aliyekwenda wiki iliyopita akavuka vizuri saa mbili asubuhi, ushauri wake wa saa haufai tena leo.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Mtu hutoka mbali kuja kuona mji wa mawe wa karne ya 14 hadi ya 16, wenye jumba la kifalme, misikiti kadhaa, makaburi na nyumba za matumbawe ambazo milango yake bado imesimama, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani. Hajamaliza kuuzunguka, nahodha anaita: maji yanatoka, twende.

Pwani hii haijamwonea haya mgeni yeyote. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitaka kuingia Kilwa, mkondo na upepo vikampitisha. Siku chache baadaye, kabla ya kufika Mombasa, meli ya msafara wake, São Rafael, ilipanda fungu, ikabidi mabaharia wasubiri maji yajae ndipo ielee. Kabla yake Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja na kuondoka kwa kufuata pepo za msimu kama walivyofanya wafanyabiashara wote wa bahari hii.

Kuna jambo jingine linalomuumiza anayesafiri peke yake: boti hukodiwa nzima. Watu sita hugawana gharama ileile ambayo mmoja huibeba yote. Ndipo mwalimu au mwanafunzi wa Kitanzania, mwenye hamu ya kuiona historia yake, anaposhawishika kupanda chombo kidogo cha bei nafuu kisicho na jaketi okozi, tena Julai kusi likivuma. Kumwita mzembe ni kumwonea. Amefanya hesabu ya mfuko wake.

Kupotea si kwa Kilwa tu: hata Japani, nchi inayosifika kwa usafiri wake, wageni hupotea. Kituo cha Shinjuku, Tokyo, kina milango zaidi ya 200, na anayetokea mlango usio wake huweza kuzunguka muda mrefu. Lakini huko taarifa ipo na huheshimiwa: Novemba 2017 waendeshaji wa treni ya Tsukuba Express waliomba radhi hadharani kwa kuondoka kituoni sekunde 20 kabla ya wakati. Bahari haina ratiba ya treni, ila saa za kujaa na kupwa hukokotolewa mwaka mzima kabla. Nahodha wa Masoko anazijua bila kutazama karatasi. Mgeni hazijui, na hana wa kumuuliza usiku ule anapopanga safari.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), inayosimamia magofu, na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa wanaweza kulimaliza hili kwa gharama ndogo. Viwekwe vibao Nangurukuru vinavyotaja Kilwa zote tatu. Gatini Masoko ubandikwe ubao wa saa za maji za wiki, bei za kukodi boti na mahali pa kupata kibali cha kuzuru magofu. Na zitengwe siku mbili kwa wiki za boti ya pamoja, kila abiria alipie kiti chake na avae jaketi okozi. Msimu wa kiangazi usipite kabla ubao wa kwanza haujasimama.