Kubadili Jina Hakuhalalishi Sumu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu hapa Nkwenda wanaodhani kuwa dawa za kulevya za viwandani ni balaa la mijini. Tunawakumbusha kuwa njia zinazovusha kahawa ya magendo kwenda Uganda hazishindwi kuingiza kifurushi cha unga. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa.

Sheria yetu ya mwaka 2015 inamhukumu mfanyabiashara wa dawa hizo hadi kifungo cha maisha. Tunaiunga mkono. Lakini watengenezaji wana hila: dawa ikishatajwa kwa jina katika majedwali ya sheria, hubadili kemikali zake kidogo, wakaipa jina jipya, kisha wakadai haimo katika orodha.

Hila hii si ngeni. Mtume (s.a.w.) alikwishatutahadharisha na watu watakaokunywa pombe na kuiita kwa jina jingine. Ndiyo maana wanazuoni hawakuifunga hukumu kwenye jina, bali kwenye illa, yaani sababu yake, nayo ni kulevya. Hata Uingereza, isiyohukumu kwa sharia, katika sheria yake ya 2016 imeangalia athari ya kitu katika akili badala ya jina lake, na muuzaji anaweza kufungwa hadi miaka 7.

Rai yetu ni kuwa kipimo kiwe hicho, na uzito wa adhabu umwangukie muuzaji. Wanazuoni wengi wameiweka adhabu ya mukhadarati katika taazir, ambamo kadhi hupima madhara na hali ya mkosaji. Kijana aliyenaswa na kete moja kwa matumizi yake atangulizwe kwenye matibabu. Mzazi anayejua kuwa kumtaja mwanawe ni kumfunga, atamficha mpaka amzike.

Nasi waumini tujihesabu. Je, muuzaji tunayemjua tunamnyamazia kwa kuwa ni jirani, au kwa kuwa alichangia mabati ya msikiti? Mchango wake hauisafishi biashara yake, na kimya chetu kinamlinda.

Wabillahi tawfiq.