Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Safu ya Elina Chilewa

Kila kipindupindu kinapobisha hodi, wakazi wa Dodoma tunakumbushwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni sahihi, maana moto huua vimelea. Madini ya sumu hayafi kwa moto. Kama maji yana risasi au aseniki, yachemshe mpaka yapungue nusu na sumu yote itabaki kwenye nusu hiyo. Na kama risasi imo kwenye sufuria, moto ndio unaoitoa.

Nazungumzia zile sufuria nene za alumini ambazo mafundi huzitengeneza kwa kuyeyusha skrepa na kuimimina kwenye kalibu. Ni imara, na mama lishe anazimudu. Tatizo ni kinachoingia tanurini: vipande vya injini, rejeta za magari, pengine hata mabaki ya betri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, na wenzao walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya aina hii kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Walivichemshia maji yenye asidi ya siki kwa saa mbili, na zaidi ya theluthi moja vikatoa risasi kwa kiwango cha kutisha. Asidi hiyo inanisumbua, kwa sababu sisi wa nyanda hizi tunapenda uchachu: uji wa ukwaju, ubuyu, togwa iliyolala.

Ikishamezwa, risasi haiingii mwilini kwa kiwango kilekile kwa kila mtu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini zinazobeba madini ya chuma kuyapeleka kwenye damu. Mwili ukipungukiwa chuma huziongeza, nazo hupakia kama konda mwenye pupa, bila kuangalia nani anapanda. Risasi na kadimi, madini mengine ya sumu, zinapata nafasi humohumo. Tumbo tupu huzidisha hatari, na lishe yenye kalisi kidogo vilevile. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa tazama sisi tulivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Si wote wamekosa chuma, malaria nayo imo, lakini wengi wao wana utumbo unaoipokea risasi kwa mikono miwili. Kisha risasi hujificha mifupani pamoja na kalisi, ikakaa miongo. Mwanamke akibeba mimba, mifupa yake hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani hutoka nayo ikavuka kondo la nyuma. Mjamzito huyohuyo ndiye anayetamani udongo, na ule unaoliwa katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita umepimwa ukakutwa na aseniki.

Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, maziwa ya mgando na mboga za majani ni kinga dhidi ya risasi na kadimi pia, na mjamzito anastahili kuelezwa hivyo anapokabidhiwa vidonge. Ila haitoshi kumwachia mama peke yake mzigo huu. Shirika la Viwango lichukue sufuria kwenye masoko yetu ya Majengo na Sabasaba, lizipime, litangaze matokeo. Sitaki mafundi wafukuzwe. Wana familia, na tunahitaji kazi ya mikono yao. Waelekezwe kuchambua skrepa, betri na rejeta zisiguse tanuri, na atakayefuata apewe alama ya ubora mnunuzi aitambue.

Wakati tunasubiri, ukwaju na togwa visipikwe wala kulazwa kwenye sufuria za skrepa. Chungu kilichofinyangwa bila rangi ya kung'aa kinafaa, na ndoo safi ya plastiki ya chakula inatosha kwa kulaza.